Mawimbi ya Ubongo na Mapokeo ya Tafakuri: Tuyasomeje Matokeo?

Kipimo cha EEG, ambacho wengi wanakifahamu kwa kuwa hutumika kuwachunguza wagonjwa wa kifafa, hunasa umeme hafifu wa ubongo kupitia elektrodi, yaani vipokezi vidogo vya umeme vinavyobandikwa kichwani. Watafiti wamekitumia pia kulinganisha mapokeo ya tafakuri, na mara nyingi matokeo hunukuliwa kana kwamba kila mapokeo yana wimbi lake.

Jaribio mashuhuri zaidi lilihusu sauti. Mtu aliyetulia na kufumba macho huonyesha mawimbi ya alfa, ya mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde. Akisikia mlio wa ghafla alfa hukatika, na mlio ukirudiwa ubongo huuzoea na kuacha kuitikia. Mwaka 1961, Anand na wenzake nchini India waliripoti kwamba alfa ya mayogi, yaani watu wanaofuata mazoezi ya yoga, waliozama katika tafakuri haikukatika hata walipobughudhiwa. Mwaka 1966, Kasamatsu na Hirai wa Japani waliona kinyume chake kwa watawa wa Zen, tawi la Ubuddha: alfa ilikatika kwa kila mlio, wa mwisho sawa na wa kwanza. Ikasemwa kwamba yogi hujifungia ndani, ilhali mtawa wa Zen hubaki macho kwa kila linalotokea. Maelezo hayo yalipendeza kiasi kwamba bado yanarudiwa, ingawa Becker na Shapiro walipolirudia jaribio mwaka 1981 hawakuipata tofauti hiyo. Isitoshe, watawa wa Zen hutafakari macho yakiwa wazi, na kufumba au kufumbua macho peke yake hubadilisha alfa.

Gama, mawimbi ya kasi zaidi, yana tatizo jingine. Mwaka 2004, Lutz na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walipata gama yenye nguvu kwa watafakari 8 wa Ubuddha wa Kitibeti waliolinganishwa na wanafunzi, ambao kwa wastani walikuwa vijana zaidi yao kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, misuli ya kichwa na taya nayo hutoa umeme wa kasi hiyohiyo, hivyo gama haipaswi kuaminiwa kabla umeme huo haujachujwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulizingatia hilo. Ulihusisha wafuasi wa mapokeo matatu ya tafakuri, yaani Vipassana, yoga ya Himalaya na Isha Shoonya, na makundi yote matatu yaliwazidi kwa gama watu wasiotafakari. Hata hivyo, gama hiyo ilijitokeza pia walipoelekezwa kuiacha akili itangetange, kwa hiyo kipimo hicho hakiwezi kutenganisha athari ya mazoezi ya miaka mingi na maumbile ya watu wenye kuyavumilia.