Dhahania si kudhania

Juzi kwenye maonyesho ya picha hapa Dar es Salaam, mshereheshaji alisimama mbele ya turubai moja, akawageukia wageni, akasema: "Hii ni dhahania, yaani mchoraji kadhania tu." Watu wakacheka. Mwenye picha naye akatabasamu kwa adabu. Mimi nikasaga meno, maana si mara ya kwanza kuisikia.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Picha dhahania ni ile isiyokusudia kukuonyesha kitu kwa sura yake ya kawaida. Huacha sura na kubaki na mistari, rangi na mpangilio. Basi. Kinachoniudhi ni hilo "kadhania".

Dhana na dhahania zinafanana kwa sauti tu. Waarabu wana herufi tatu ambazo sisi tumezikusanya zote kwenye dh moja: dhahiri, dhahabu na dharura, kwao kila moja inaanza na herufi yake. Dhana iko nyumba moja na dhahiri, na asili yake ni kukisia. Ndiyo maana tunasema mtu ana dhana mbaya. Dhahania iko upande wa dhahabu, na inatoka kwenye dhihni, yaani akili. Kubahatisha na kufikiri ni kazi mbili tofauti, hata kama wapo wanaozifanya kwa pamoja.

Shule nayo imechangia. Tulikaririshwa kwamba nomino za dhahania ni kama upendo, njaa, uzuri: vitu visivyoshikika. Kwa sarufi inatosha. Lakini mtu akiingia na somo hilo kwenye ukumbi wa picha, ataamini kwamba picha dhahania haijawahi kugusa kitu chochote duniani. Wenzetu maneno yao yanawalinda. Kiarabu sanaa hii huiita tajridi, kuvua au kuambua. Wazungu wamechukua la Kilatini, abstrahere, kuvuta kitu kutoka kwenye kitu kingine. Yote mawili yanadai pawe na kitu kwanza. Huwezi kuambua gome pasipo mti.

Na ile picha iliyochekwa, kumbe ni gome. Mchoraji alinieleza baadaye, tukiwa tumesimama pembeni na soda zetu. Kuna mbuyu anaoufahamu, zamani watu waliuambua magome wapate nyuzi za kusokotea kamba. Mti mwingine ukiuambua mzunguko mzima unakufa; mbuyu kwa kawaida huotesha gome jipya, lakini halirudi laini. Hubaki mikunjo, mabonde, na pindo nene pale gome la zamani lilipokutana na jipya. Nikairudia picha. Ule mstari mzito wa kijivu uliokuwa ukipanda kwa kusitasita katikati ya turubai ndio pindo lenyewe. Hakuchora mti, kauacha. Kachukua kovu.

Wachoraji wanapenda kasoro kwa sababu mti mzima jicho lishaujua: linasema "mti" na kupita zake. Kwenye kovu linakwama. Georgia O'Keeffe, Mmarekani, aliokota mifupa iliyotupwa na jangwa la New Mexico, na kuanzia 1943 akachora mifupa ya nyonga kwa kuangalia mbingu kupitia tundu zake, mpaka katika baadhi ya picha hizo tundu likawa ndilo picha. Piet Mondrian, Mholanzi, alianza na mti wa kawaida. Ule wa kijivu wa 1911 bado unauona matawi, mtufaha wenye maua wa 1912 umebaki pinde zinazokatana.

Zipo kweli picha ambazo hazikuambuliwa kutoka kwenye kitu chochote. Ule mraba mweusi wa Kazimir Malevich wa 1915 usiutafutie mti wake. Hata huo, lakini, haukuchorwa kwa kubahatisha.

Nilipokuwa natoka nikasoma kikaratasi kilichobandikwa chini ya picha ya mbuyu: "Kazi ya dhahania, isiyotokana na kitu maalumu." Ndugu waandaaji, hayo maneno matatu ya mwanzo yaacheni. Baada ya koma andikeni: "kutoka kwenye gome la mbuyu."