Je, Wajua? Kwa Nini Macho Makavu Hutibiwa kwa Dawa ya Kutuliza Kinga ya Mwili

Mtu ambaye macho yake hukauka, huchoma na kumpa hisia ya mchanga chini ya kope hutarajia kupewa kitu cha kuyalowanisha. Kwa kawaida matibabu huanza hivyo, kwa machozi ya bandia, na wengi hupata nafuu. Wapo hata hivyo wagonjwa ambao daktari wa macho huwaandikia matone ambayo kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili, na sababu yake imo katika chozi lenyewe.

Utando wa machozi unaolifunika jicho umeundwa na ute unaoshikamana na uso wa jicho, maji yatokayo kwenye tezi za machozi, na mafuta ya tezi zilizo kwenye kingo za kope, ambayo huzuia maji hayo yasikauke upesi. Maji yakipungua au mafuta yakikosekana, machozi yanayobaki huzidi chumvi, kama mchuzi ulioachwa motoni muda mrefu. Chumvi hiyo huzisumbua seli za uso wa jicho, nazo hutoa kemikali zinazoita seli nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo seli T. Hizi nazo zikifika hutoa kemikali nyingine zinazoziharibu seli za ute na kuzidhoofisha tezi za machozi, hivyo machozi yakazidi kuwa haba na chumvi ikazidi kupanda. Machozi ya bandia huipunguza chumvi kwa muda, lakini seli zilizokwisha kuamshwa huendelea na uharibifu wake.

Dawa mashuhuri ya kuukata mzunguko huo ni siklosporini, ambayo awali ilipata sifa kwa kuuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Matumizi yake machoni yalitangulia kwa mbwa: Renee Kaswan, daktari wa macho ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, aliona kwamba mbwa wenye macho makavu walianza tena kutoa machozi walipotiwa dawa hiyo. Kwa binadamu, Marekani iliidhinisha matone yenye siklosporini asilimia 0.05 mwaka 2002, kisha mwaka 2016 ikaidhinisha lifitegrasti, ambayo huzizuia seli T zisijishikize kwenye uso wa jicho.

Siklosporini huzuia seli T mpya zisiamshwe, kwa hiyo manufaa yake huonekana baada ya wiki nyingi, pengine miezi, na mwanzoni huchoma. Naamini jambo hili lapaswa kuelezwa siku ileile dawa inapotolewa, kwani mgonjwa anayechomwa kila siku bila kuona nafuu ana kila sababu ya kuiacha.

Matone ya steroidi, dawa nyingine kali za kutuliza uvimbe, kwa upande wake, hutuliza ndani ya siku chache, na baadhi ya madaktari huyatoa kwa muda mfupi wakati siklosporini ikisubiriwa kufanya kazi. Hatari ni kuyanunua dukani na kuendelea nayo kwa sababu tu yanaleta raha. Steroidi zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho hadi kusababisha glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ambao kwa kawaida hauleti maumivu, na uwezo wa kuona unaopotea kwa glakoma haurudi. Anayeyatumia anahitaji kupimwa presha ya jicho, hata kama macho yake yametulia kabisa.