Nguzo ndefu kwenye chati si lazima iwe wanunuzi

"Kaka, ona volyumu hiyo, wanunuzi wameshaingia!" Kauli hii nimeisikia kwenye daladala ya Mbezi, nimeisoma kwenye makundi ya WhatsApp, na mwaka fulani niliitamka mwenyewe, ikanigharimu.

Volyumu ni idadi ya hisa zilizobadilishana mikono siku hiyo, nayo huchorwa kama nguzo chini ya chati ya bei. Kosa linaanzia kwenye rangi. Nguzo ya kijani chini ya chati wengi huisoma "wanunuzi", nyekundu "wauzaji". Nenda Feri alfajiri utazame mnada wa samaki: ndoo ya dagaa ikimtoka mchuuzi, imeingia kwa mama ntilie. Hakuna ndoo iliyouzwa bila kununuliwa. Na hisa ni vivyo hivyo: zikiuzwa 10,000, zimenunuliwa 10,000, na soko linaandika 10,000, si 20,000. Rangi inapakwa na programu tu, kwa kuangalia bei ilifunga juu au chini. Nani alikuwa na haraka zaidi siku hiyo, bei ndiyo inayokuonyesha.

Dhana iliyoniumiza mimi ni hii: volyumu ikilipuka, bei iko njiani kupanda. Kulikuwa na hisa moja hapa DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida haifiki hata hisa elfu moja kwa siku. Siku hiyo zikapita laki nane. Nikanunua bila kuuliza. Bei haikutikisika, si kesho yake wala wiki iliyofuata. Kumbe wenye hisa wakubwa wawili walikuwa wamepeana mzigo kwa bei waliyokubaliana kabla, mmoja akitoka, mwingine akiingia. Mjomba wangu, ambaye anashika hisa za CRDB tangu benki hiyo ilipoorodheshwa 2009, alicheka sana. "Mjomba, ule ulikuwa msafara unapita. Wewe ukadhani foleni imefunguka." Kuziuza zangu kulinichukua wiki tatu, maana upande wa wanunuzi palikuwa peupe.

Soko letu lina tabia hiyo. Tazama benki ya NMB: Serikali na kampuni ya uwekezaji ya Arise peke yao wanashika zaidi ya asilimia 60 ya hisa. Zinazozunguka kwa watu wa kawaida ni sehemu ndogo, kwa hiyo muamala mmoja mkubwa unaweza kuifunika wiki nzima ya biashara. Siku hizi nikiona nguzo ndefu naitafuta kwanza idadi ya miamala. Hisa laki nane kwa miamala miwili na hisa laki nane kwa miamala mia tatu ni habari mbili tofauti kabisa.

Wapo wanaoiamini OBV (On-Balance Volume), kipimo cha volyumu kinachochorwa kama mstari kwenye chati, alichokieneza Mmarekani Joseph Granville mwaka 1963, kana kwamba kinasoma mawazo ya matajiri. Hesabu yake ni nyepesi mno: bei ikifunga juu kuliko jana, jumlisha volyumu yote ya leo, ikifunga chini, toa yote. Sasa tuseme hisa imepanda kutoka shilingi 500 hadi 520, zimeuzwa 40,000. Kesho yake imeshuka shilingi 5 tu, lakini mzigo wa 1,000,000 umepita. Kwa siku hizo mbili OBV imeporomoka kwa 960,000 huku bei ikiwa bado 515, juu ya ilipoanzia. Kipimo hakiulizi bei imesogea kiasi gani. Kwenye masoko yenye biashara nyingi kila siku kasoro hiyo inamezwa. Kwetu inakaa kwenye mstari miezi kadhaa.

Kwa vijana wa forex, hapo ni pengine kabisa. Biashara ya sarafu, ambayo mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa dola trilioni 7.5 kwa siku duniani, haina ukumbi mmoja wa kuhesabia. Zile nguzo za kwenye MetaTrader, programu wanayotumia wengi kufanyia forex, kwa kawaida zinahesabu bei imebadilika mara ngapi kwa broka wako, si pesa ngapi zimepita. Weka simu mbili mezani, broka tofauti, euro na dola, saa ileile: nguzo hazilingani.