Kabla ya skana, uliza majina

Mtu akija maktabani kuuliza historia ya Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, historia ya wakubwa tunampa bila shida. Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mji ukaanza kwa jina la Élisabethville. 1911 shaba ikaanza kuyeyushwa. Julai 1960 Moïse Tshombe akatangaza jimbo letu la Katanga kuwa nchi. 1966 mji ukapata jina la leo. Lakini akisema, "Babu yangu alitoka Kasai, akakaa kambi ya Union Minière, kampuni ya shaba, nataka kujua aliishi namna gani," rafu zetu hazina la kumjibu.

Ninashughulikia kumbukumbu za mji katika maktaba ya umma, na mali yenyewe haiko kwetu. Iko ndani ya valizi (masanduku) za watu katika komini, yaani mitaa mikubwa ya mji huu, za Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi: foto za harusi, vitabu vya kazi, kadi za ubatizo, karatasi za mshahara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipopendelea wafanyakazi wenye wake na watoto, kambi zikawa mahali pa familia, na familia ndizo zinazotunza karatasi.

Ndiyo maana tuna siku za foto. Watu wanaleta, tunapiga skana, wanarudi nazo nyumbani siku hiyo hiyo. Foto ndogo tunazipiga kwa nukta 600 kwa inchi. Faili nzito ya TIFF inabaki kwetu, nyepesi tunaituma kwa WhatsApp. Nyuma ya foto tunaandika kwa penseli laini, kamwe si kwa biki. Na tafadhali, msizifunge foto kwa skochi wala kuzichoma ndani ya plastiki!

Mashine ndiyo inayopendwa na wafadhili. Mimi napenda daftari. Nani huyu, ni wapi, sherehe gani, nani alipiga, nani hayupo na kwa nini? Foto ya wanaume sita wasio na majina haimsaidii mjukuu yeyote. Mzee akisema alizaliwa "Albert", naandika Albert kama alivyosema, halafu pembeni Kamalondo, komini iliyobeba jina hilo zamani. Lazima pia nimuulize kama hasemi Albertville, maana hiyo ni Kalemie, mbali kabisa, kando ya ziwa. Jadotville nayo, jina la zamani, naiunganisha na Likasi. Bila hivyo, mtafutaji atapata nusu ya familia.

Sauti ni kazi nyingine. Mbele ya watu, wazee wanasimulia mpira, muziki, poso (chakula cha kampuni) ya kila juma. Desemba 1941, wagomaji wa Union Minière walipopigwa risasi uwanjani, na miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, havisimuliwi kwenye kipaza sauti. Hizo tunazirekodi nyumbani kwa mtu, na yeye ndiye anayeamua kama rekodi ifunguliwe sasa, baada ya kifo chake, au isifunguliwe. Sikubaliani na wanaotaka kila kitu kiende intaneti mara moja. Majirani bado ni majirani.

Tunaandika maneno kwa Kiswahili cha hapa, "batu" (watu) ikibaki "batu". Mwaka 1965 watu waliowahi kuwa maboi, watumishi wa nyumbani, wa wazungu walitoa historia ya mji huu kwa Kiswahili hicho hicho, mwandishi akiwa André Yav, nacho kilikuwa kijitabu cha kupigwa mashine tu. Kwa hiyo vikaratasi vya namna hiyo, programu za mazishi, sheria za likelemba (mchango wa kupokezana pesa), tunavipokea pia.

Baada ya kutuma foto, majibu yanarudi kutoka Kinshasa, Kolwezi, hata Ubelgiji: "Huyo si tantine (shangazi), ni mama mdogo wake." Hatufuti jina la kwanza. Tunaweka yote mawili, na tarehe, na aliyesema nini.