Ukisoma nchi kamilifu, anza na mpaka wake

Nafundisha fasihi na falsafa hapa Mwanza, na kila tukifika kwenye jamii kamilifu za kubuniwa, wanafunzi hukimbilia sheria zake. Mimi huwarudisha mpakani: watu wanaingiaje, na nani kaachwa nje?

Mwingereza Thomas More alichapisha *Utopia*, kitabu kuhusu nchi ya kubuni yenye jina hilo, mwaka 1516. Jina kalitoa kwenye Kigiriki, "mahali pasipokuwapo", na linakaribiana kimatamshi na "mahali pema". Sifa zake zinajulikana: kazi saa 6 tu kwa siku, dhahabu inatengenezwa vyungu vya kujisaidia. Lakini nchi ile haikuzaliwa kisiwa. Mfalme Utopus ndiye aliyeitenga na bara kwa kuchimba mfereji wa maili 15. Halafu nenda machinjioni: wanyama huchinjwa nje ya mji, na wachinjaji ni watumwa, ili raia wasije wakapoteza huruma. Huruma ya raia imelindwa kwa mikono ya mtumwa! Kwangu mimi, kitabu kizima kiko hapo.

Mfereji ule niliufikiria sana siku moja kwenye kivuko cha Rugezi, nikitoka Ukerewe kwenda Kisorya. Maji ni membamba, ng'ambo unaiona. Mama mmoja alikalia ukingo wa tenga la machungwa, kamba kaizungusha kiganjani, akiulizia bei ya Bunda kwa kila aliyepanda. Kisiwa chake kinaishi kwa kuvuka.

Shaaban Robert aliliona hilo. Katika *Kusadikika* (1951), nchi inaelea angani, na wajumbe 6 wanatumwa pande zote kutafuta mema ya kuigwa. Wanarudi nayo, wanafungwa. Ubovu wa nchi unapimwa kwa namna inavyowapokea waliotoka.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliandika *Gamba la Nyoka* (1979) kuhusu vijiji vya ujamaa. Ndoto hapa si ya kubuni, ilikuwa na malori na wanamgambo, na wanaohamishwa wana midomo: wanabisha, wanaogopa. Kwa More pia watu huhamishwa, lakini hawasemi neno.

Kwa hiyo nawashauri muanze na sehemu ya pili ya *Utopia*, kisha Kezilahabi, penseli mkononi. Wekeni alama kila mtu anapohamishwa, na kila kazi isiyotajwa mfanyaji wake.