Soma Namba ya Kiwandani Kabla ya Kuamini Rangi ya Helikopta

Helikopta ndogo zinazoruka kutoka Moshi na Kisongo, Arusha, kupeleka wageni au kushusha wagonjwa kutoka Mlima Kilimanjaro, wengi huzitambua kwa alama ya ubavuni: 5H, kistari, kisha herufi tatu. 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Alama hiyo inaonyesha ndege imesajiliwa wapi leo, basi. Mkataba wa Chicago wa 1944, wa usafiri wa anga wa kimataifa, hauruhusu ndege kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja, hivyo helikopta iliyonunuliwa Afrika Kusini hufutwa kwanza kule, ndipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) iisajili kwa alama mpya.

Hapo ndipo wanunuzi wa helikopta zilizotumika hupotea. Ukitafuta rekodi za ajali kwa 5H pekee, utaona miaka yake ya Tanzania tu. Kama ilianguka ikaundwa upya kabla ya kuja, hutajua. Tena zipo nchi zinazogawa upya alama za zamani, ukajikuta umeitwika helikopta ajali isiyo yake. Tafuta kwa namba ya kiwandani, ile iliyo kwenye kibati cha mtengenezaji na kwenye cheti cha usajili. Hiyo haibadiliki. Namba ya kwenye kibati na ya kwenye cheti zisipolingana, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kisha fungua madaftari ya kumbukumbu: la fremu (mwili wa helikopta) na la injini. Wauzaji hupenda kutaja saa chache za kuruka, lakini saa ni kipimo kimoja tu. Helikopta aina ya Robinson R44 hufanyiwa ukarabati mkubwa ikifikisha saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Iliyolala hanga miaka 11 ikiwa na saa 600 imebakiza mwaka mmoja, hata ing'ae vipi.

Kwa Airbus H125, yenye injini ya turbini, kuna kipimo cha tatu, mbali na saa na miaka: mizunguko, yaani kila mara injini inapowashwa, kupandishwa nguvu na kuzimwa. Kila mzunguko huchosha diski za turbini kwa joto na mkazo. Safari fupi fupi za mlimani hujaza mizunguko mingi ndani ya saa chache, kwa hiyo huandikwa vyote viwili, saa na mizunguko. Rubani asipoandika mizunguko ya siku, diski inaweza kupitiliza ukomo wake bila mtu kujua.

Omba pia orodha ya vipuri vyenye ukomo wa maisha, kila kimoja na namba yake, saa zake na ukomo wake. Kipuri ambacho historia yake tangu kiwandani imekatika huhesabiwa hakina maisha yaliyobaki, hata kama kwa macho ni kipya. Wanunuzi wengi huumia hapa, maana gharama ya kukibadilisha huwaangukia wao. Mwisho angalia maagizo ya lazima ya usalama: kila agizo liwe na tarehe lilipotekelezwa, saa za kuruka ambazo helikopta ilikuwa imefikisha, na sahihi ya fundi mwenye leseni. Neno “limefanyika” peke yake halitoshi.