Intelijensia ni nini, na kwa nini si jina jingine la ujasusi

Intelijensia ni taarifa iliyokusanywa, ikachujwa, ikapimwa uzito wake, kisha ikamfikia mwenye kuamua kabla wakati haujampita. Taarifa ambayo haijapimwa ni fununu tu, hata kama imeibwa kutoka kabati lenye ulinzi mkali kuliko yote duniani. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani kinachoipa intelijensia thamani ni usiri wake, kumbe ni kule kupimwa.

Mazoea yetu ya kusema nayo yanachangia mkanganyiko, maana kuna maneno manne tunayoyatumia kana kwamba ni neno moja. Ujasusi ni njia ya kupata kile ambacho mwenyewe hataki ukipate: kumrubuni ofisa wake, kunasa simu zake, kupiga picha mahali pake bila yeye kujua. Upelelezi, kwa maana tuliyoizoea, ni kazi ya polisi na makachero. Kosa limeshatendeka, anatafutwa aliyelitenda pamoja na ushahidi wa kumfikisha mahakamani. Intelijensia hutazama mbele. Inauliza huyu anayekusanya majeshi mpakani ana nia gani, na kama nia anayo, uwezo anao? Usalama wa taifa nao si mtu wala idara. Ni hali: nchi kuwa salama, watu wake wakiwa hai na huru kujiamulia mambo yao. Tukimwita shushushu "usalama wa taifa" tunaelewana vizuri tu, ila tunakuwa tumempa mtumishi jina la kile anachopaswa kukitumikia, na baadaye nitaonyesha madhara ya kuchanganya hivyo viwili.

Aliyefanya zaidi ya wengine kuigeuza kazi hii kuwa fani ya kusomwa ni Sherman Kent, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Yale aliyeingia kwenye uchambuzi wa taarifa za vita wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 alieleza kwamba intelijensia ni mambo matatu kwa pamoja: ni maarifa, ni taasisi inayoyatafuta maarifa hayo, na ni shughuli yenyewe ya kuyatafuta. Ukisoma kwamba "intelijensia ilishindwa", jiulize ni ipi kati ya hizo tatu. Mara nyingi majasusi walifanya kazi yao vizuri kabisa.

Kazi yenyewe ni ya kale. Sun Tzu wa China, katika kitabu chake cha mbinu za vita, alitenga sura nzima kwa ajili ya majasusi na kuwagawa katika aina tano. Nchini Uingereza mwaka 1586, watu wa Francis Walsingham walisoma barua za mafumbo za Malkia Mary wa Scotland, na mwaka uliofuata akakatwa kichwa. Lakini idara za kudumu, zenye ofisi, bajeti na majalada, ni jambo la juzi tu. Idara ya Uingereza iliyozaa MI5 (ya usalama wa ndani) na MI6 (ya ujasusi wa nje) ilianzishwa mwaka 1909, na CIA, idara ya intelijensia ya Marekani, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1947. Vyanzo vyao wanavigawa kwenye mafungu machache: watu, mawasiliano yaliyonaswa, picha za angani, na vyanzo vya wazi kama magazeti, redio na siku hizi intaneti. Vyanzo vya wazi hudharauliwa, na sioni sababu, kwa kuwa taarifa haipotezi ukweli wake eti kwa sababu kila mtu anaweza kuisoma.

Kupima kunafanywaje? Tazama kilichotokea mwaka 1942. Jeshi la wanamaji la Japani lilikuwa linaandaa shambulio kubwa katika Bahari ya Pasifiki, na wataalamu wa Marekani waliokuwa Pearl Harbor, kambi ya wanamaji huko Hawaii, chini ya Joseph Rochefort, walikuwa wakifumbua vipande vya msimbo wake. Mahali pa kushambuliwa palitajwa kwa herufi mbili, AF. Rochefort aliamini AF ni kisiwa cha Midway, lakini Washington kulikuwa na waliotilia shaka. Kwa hiyo wakatega mtego mdogo. Kwa kutumia waya wa chini ya bahari, ambao Wajapani hawakuweza kuusikiliza, waliwaelekeza wenzao wa Midway watangaze kwa redio, bila msimbo wowote, kwamba mtambo wao wa maji ya kunywa umeharibika. Haukuwa umeharibika. Muda mfupi baadaye ukanaswa ujumbe wa Kijapani ukisema AF ina upungufu wa maji.

Tarehe 4 Juni Wajapani walipofika, manowari za Marekani za kubeba ndege zilikuwa zimeshajipanga kuwasubiri. Japani ilipoteza manowari nne za aina hiyo, Marekani moja. Herufi zile mbili zilikuwa mezani tangu mapema na peke yake hazikusema kitu. Zilipata maana pale mtu alipobuni swali ambalo adui mwenyewe angelijibu bila kujua.

Miaka 31 baadaye mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwishoni mwa Septemba 1973, Misri ilikuwa inakusanya majeshi ukingoni mwa Mfereji wa Suez, na Syria ilikuwa inafanya hivyo hivyo upande wake. Israeli iliona karibu kila kitu. Tatizo ni kwamba idara yake ya intelijensia ya kijeshi, ikiongozwa na Eli Zeira, ilikuwa na imani iliyoganda: Misri haitaingia vitani mpaka ipate ndege za masafa marefu na makombora ya kuifikia Israeli, na Syria haitaingia bila Misri. Kila ishara iliyokuja ililazimishwa kuingia ndani ya imani hiyo. Yale majeshi yakaitwa mazoezi.

Luteni mmoja wa intelijensia katika kamandi ya kusini, Benjamin Siman-Tov, aliandika tarehe 1 Oktoba na tena tarehe 3 kwamba mazoezi hayo yanaweza kuwa pazia la kuficha vita. Mkuu wake hakuyapeleka mbele maandishi hayo. Familia za washauri wa Kisovieti zikaanza kuondolewa Misri na Syria kwa haraka, na bado tathmini ikabaki kwamba uwezekano wa vita ni mdogo. Tarehe 6 Oktoba mchana vita vikaanza. Israeli ilipoteza wanajeshi zaidi ya 2,500. Tume ya Agranat iliyochunguza ilipendekeza Zeira aondolewe, na baadaye kikaundwa kitengo ambacho kazi yake rasmi ni kubishana na hitimisho la wenzake.

Naumizwa na maandishi yale ya luteni kila ninapoyakumbuka. Hayakuhitaji jasusi wala satelaiti. Yalihitaji mkubwa mmoja wa kusema, hebu tufikiri kwamba kijana huyu yuko sahihi.

Mtafiti Roberta Wohlstetter, aliyechambua shambulio la kushtukiza la Japani dhidi ya Pearl Harbor mwaka 1941 na kuchapisha matokeo mwaka 1962, alieleza kwa nini jambo hili hujirudia. Kabla ya tukio, ishara za kweli zimezama ndani ya kelele: uvumi, taarifa zinazogongana, tahadhari zilizotolewa mara nyingi bila kitu kutokea. Baada ya tukio ishara zinang'aa zenyewe na kila mtu anashangaa zilipuuzwaje. Kwa hiyo anayechunguza makosa ya zamani hana budi kurudisha na zile kelele, vinginevyo anawahukumu watu kwa kitu ambacho hawakuwa nacho.

Kuna ugumu mwingine, nao ni wa maneno. Mwaka 1951 ofisi ya Kent ndani ya CIA iliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka huo lichukuliwe kuwa ni "uwezekano wa kutiliwa maanani". Ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza Kent maana yake ni nini hasa. Kent akajibu kwamba yeye alikuwa na 65 kwa 35 kichwani, kuelekea upande wa kushambuliwa. Yule ofisa alishtuka, maana yeye alielewa kitu kidogo zaidi. Kent akarudi kwa wenzake walioidhinisha sentensi ile ile, akamuuliza mmoja mmoja. Majibu yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wamekubaliana juu ya maneno tu.

Baadaye alipendekeza kila neno lifungwe kwenye kiwango: "karibu hakika" iwe kama asilimia 93, "yaelekea" iwe kama 75, na kadhalika, huku kila moja likiachiwa nafasi kidogo ya kupanda na kushuka. Kiswahili hakijanusurika na tatizo hili. Huenda, labda, yumkini, pengine, yaelekea: mwandikie mtu yeyote orodha hiyo, mwombe aweke asilimia pembeni, kisha mpe na mwenzake. Sasa fikiria neno "huenda" likisomwa na mtu anayeamua kama askari waamshwe usiku huu.

Nirudi kwenye usalama wa taifa. Idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi, ilikuwa na waajiriwa takriban 91,000 mwaka 1989, mbali na watoa habari wa siri waliozidi 170,000, katika nchi ya watu kama milioni 16. Mume alimripoti mke, rafiki akamripoti rafiki. Majalada iliyoyaacha yakipangwa kwenye rafu mstari mmoja yanapita kilomita 100. Haikuokoa chochote. Ililinda chama tawala na kukiita chama hicho taifa, na tarehe 15 Januari 1990 wananchi waliingia makao yake makuu Berlin. Idara iliyojua nani anasikiliza redio gani haikuweza kumwambia mkubwa wake jambo moja la msingi, kwamba watu wamechoka naye, kwa sababu hilo halikuwa jambo la kumwambia mkubwa.

Fani hii ina tatizo la pekee: vitu vyake vya kusomwa hufichwa. Kwamba Uingereza ilikuwa ikisoma ujumbe wa Enigma, mashine ya Kijerumani ya kuandikia mafumbo, kulijulikana kwa umma katika miaka ya 1970 tu, kwa hiyo karibu miaka 30 ya vitabu vya historia ya vita iliandikwa bila habari hiyo.

Mwanzo wa habari yenyewe uko Poland. Mjerumani mmoja aliwauzia Wafaransa nyaraka za kutumia Enigma. Wafaransa hawakuweza kuifumbua kwa nyaraka hizo. Waingereza nao walionyeshwa, wakaona hazitoshi. Zikapelekwa Warsaw, ambako mwanahisabati kijana, Marian Rejewski, alizichanganya na ujumbe ulionaswa pamoja na hisabati ya mipangilio, na mwishoni mwa mwaka 1932 akaweza kuchora jinsi nyaya za ndani ya mashine ile zilivyounganishwa, ilhali hajawahi kuiona ile ya jeshi. Wapoland waliwakabidhi washirika wao kila walichokuwa nacho Julai 1939, wiki chache kabla ya kuvamiwa. Vita vilipokwisha, Rejewski alirudi kwao Bydgoszcz, akafanya kazi ya uhasibu, na kwa miaka mingi hakumweleza mtu.